Muulize Muuguzi: Damu inaingia, chuma hakitoki

Barua za mwezi huu zimenielemea upande mmoja: talasemia. Nyingi zimetoka Oman, kwa ndugu zetu wanaosoma ukurasa huu kule Seeb, Barka na Maskati. Moja imetoka Kilifi, na nimeiweka makusudi ingawa inaonekana kwenda kinyume na zile nyingine.

Kwa asiyeujua ugonjwa wenyewe: talasemia ni ya kurithi, mwili haupati himoglobini (ile nyekundu ya damu inayobeba hewa) ya kutosha kwa sababu jeni za kuitengeneza zina kasoro. Mtoto mwenye talasemia beta kali, ile wanayoiita meja, huzaliwa mzima, kwani bado anayo himoglobini ya tumboni kwa mama. Ile ikimwishia, anapauka, hanyonyi vizuri, tumbo linajaa ini na bandama. Kuanzia hapo ni kutiwa damu maisha yake yote. Daktari Thomas Cooley wa Detroit alipowaelezea watoto hawa mwaka 1925, wengi hawakufika utu uzima. Siku hizi wanafika, wanasoma, wanaoa na kuolewa, na maswali yamegeuka kuwa ya ujana.

SWALI: Assalaam alaykum Bi Muuguzi. Mimi Mzanzibari, nimeolewa Oman, tunakaa Seeb. Binti yangu ana talasemia meja, anatiwa damu kila wiki tatu tangu alipokuwa mchanga. Sasa ana miaka 14. Mdogo wake wa miaka 12 keshavunja ungo na kampita kwa kimo, yeye kifua bado kitupu kama cha mtoto. Bibi yake wa kuumeni anasema kwao wasichana huchelewa, atakua tu. Wengine wanataka asomewe. Mara ya mwisho daktari alinambia feritini, kile kipimo cha chuma mwilini, imefika 3,800, akaongeza dozi ya vidonge vya kutoa chuma, akamwita mgonjwa mwingine. Juzi natandika kitanda, nakuta vidonge vyenyewe ndani ya foronya. Nifanye nini? Na je, huyu atazaa? – Mama wa Seeb

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Kumsomea msomeeni, Qurani haina madhara. Ila Jumapili asubuhi, kliniki ikifungua tu, piga simu uombe miadi kwa daktari wa homoni wa watoto. Msichana akitimiza miaka 13 bila dalili yoyote ya kifua, anachunguzwa. Mvulana anangojewa mpaka 14. Wako amepitisha mwaka. Hilo neno “atakua tu” nimelisikia kwa mabibi wengi, na kwa mtoto mzima mara nyingi ni kweli. Kwa mtoto wa talasemia ni neno la kupoteza wakati.

Nikueleze kinachotendeka. Kila mfuko wa damu una takriban miligramu 200 za madini ya chuma. Mwili wa binadamu kwa kawaida hufyonza miligramu moja au mbili kwa siku kutoka kwenye chakula, na hauna njia ya kutoa ziada. Sasa piga hesabu: kila wiki tatu, mfuko mmoja au miwili. Mwaka ukiisha, ameingiziwa gramu tatu mpaka sita na zaidi, na mtu mzima mwenye afya ana gramu tatu au nne tu mwili mzima. Chuma hicho kinakaa kwenye ini kwanza. Kisha kinapenya kwenye moyo, kwenye kongosho, kwenye tezi ya shingo, na kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoziamuru nyinginezo zianze kazi ya kubalehe. Tezi hii ni dhaifu mno mbele ya chuma. Ikizimwa, ovari zinakaa bure zikingoja amri.

Si binti yako peke yake. Watafiti wa Italia waliokusanya habari za wagonjwa wa vituo saba walichapisha mwaka 2004 kwamba karibu asilimia 55 walikuwa na tatizo hili la homoni za uzazi. Hakuna dhara jingine la tezi lililofika hata robo ya hapo: tezi ya shingo ilikuwa karibu asilimia 11, kisukari zaidi kidogo ya 6. Kwa hiyo daktari hatashangaa. Atampiga picha ya eksirei ya mkono wa kushoto kuona umri wa mifupa, atapima homoni kwenye damu, vitamini D, sukari, tezi ya shingo. Nenda na vipimo vyake vya kimo vya miaka ya nyuma. Kama huna, wapo waliokuwa wakimpima kila akija kutiwa damu, waombe wakutolee. Mwambie pia ampime kimo akiwa amekaa. Kuna watoto waliopewa Desferal, dawa ya sindano ya kutoa chuma, nyingi mno wakiwa wadogo, chuma chenyewe bado kidogo, dawa ikaudhuru uti wa mgongo: miguu ikakua, kiwiliwili kikabaki kifupi. Hao ufupi wao una chanzo kingine na dawa yake nyingine.

Na uulize himoglobini yake ni ngapi siku anayofika, kabla hajatiwa damu. Inatakiwa iwe kati ya 9.5 na 10.5. Kama huwa anafika na 7, basi mifupa yake inajichosha kutengeneza damu isiyofaa, na ukuaji unalipia.

Umeuliza kuhusu kuzaa. Mara nyingi mayai yenyewe yapo salama, kilichokosekana ni amri. Akithibitika, ataanzishiwa estrojeni kwa dozi ndogo sana, itapandishwa taratibu ili kifua na mfuko wa uzazi vikue kwa mpangilio. Usikubali duka la dawa likuuzie vidonge vya uzazi wa mpango “kumletea siku zake”. Baadaye, akiolewa, wapo madaktari wa kumsaidia yai likomae. Wanawake wenye talasemia meja wamezaa Cyprus, Italia, Ugiriki, Uingereza. Tena kuna utafiti wa Ugiriki wa mwaka 2010, wagonjwa 52 waliopewa Desferal pamoja na deferiproni, dawa nyingine ya kutoa chuma, kwa nguvu mpaka chuma kikashuka kufikia kiwango cha mtu wa kawaida. Baadhi ya wenye kisukari sukari yao ilitulia, baadhi ya wanaume waliacha sindano za homoni, na baadhi ya wanawake walishika mimba. Ni watu 52 tu, si ahadi kwa kila mtu. Lakini zamani tukifundishwa kwamba tezi ikishakufa imekufa.

Sasa lililonikosesha usingizi katika barua yako silo la kifua. Ni moyo. Katika ule utafiti wa Italia, asilimia 67 ya waliofariki walifariki kwa moyo. Na feritini, ile namba mnayopewa kila miezi mitatu, haiuoni moyo. Inapanda mtoto akiwa na homa, inashuka kwa sababu nyingine, na mtu anaweza kuwa na ini linaloridhisha huku moyo wake umejaa. Hili lilionyeshwa London mwaka 2001, walipotumia mashine ya MRI kupima chuma moyoni kwa namba wanayoiita T2 yenye nyota. Zaidi ya 20 ni salama. Kati ya 10 na 20 chuma kimeshaingia. Chini ya 10 ni hatari, na karibu wote walioangushwa na moyo katika utafiti uliofuata walikuwa chini ya hapo. Uingereza, kipimo hiki kilipoanza kutumika na dawa zikabadilishwa kufuatana nacho, vifo vya moyo vya wagonjwa hawa vilipungua kwa asilimia 71. Muulize daktari: “Binti yangu T2 yake ya moyo ngapi?” Akikwambia hajapimwa, mwenye miaka 14 na feritini ya 3,800 hana sababu ya kungoja. Haiumi. Atalala ndani ya mashine yenye kelele na kuambiwa abane pumzi mara kadhaa.

Vidonge vya kwenye foronya. Nimekaa wodi ya watoto wa damu muda mrefu, nimevikuta ndani ya soksi, kwenye chungu cha maua, nyuma ya kiyoyozi. Usimpige, na usimwambie baba yake mbele ya wageni. Jambo la kwanza ni kumwambia daktari ukweli, leo, kabla ya dozi mpya. Yeye ameongeza dozi akidhani ile ya zamani ilimezwa ikashindwa. Ukimsimamia msichana sasa akaimeza yote, atakuwa ameruka kutoka sifuri hadi juu kabisa kwa siku moja, na deferasiroksi, kama ndiyo vidonge vyake, ina tabia ya kuyaelemea mafigo. Daktari akijua, ataanza upya kwa kipimo chake.

La pili, jua anameza kitu gani. Deferasiroksi ya zamani unaikoroga kwenye glasi ya maji au juisi, haiyeyuki sawasawa, inabaki unga chini kama chaki, na lazima inywewe tumbo likiwa tupu. Mtoto anaionja saa kumi na mbili asubuhi, anatapika kwenye basi la shule, mbele ya wenzake. Ungekuwa wewe ungeificha pia. Ipo ya kumeza nzima, yenye ganda, inayovumilia chakula chepesi. Uliza kama anaweza kubadilishiwa. Na kama ni usiku ndio unaomfaa, apewe usiku.

La tatu, akifanyiwa MRI, muombe mwenye mashine amwonyeshe picha yeye mwenyewe. Nilikuwa naye msichana mmoja, mkaidi hasa, kila shauri linapita sikio hili linatokea la pili. Siku hiyo akaoneshwa picha yake pembeni ya picha ya mtu asiye na chuma. Ini la yule mwingine kijivu, lake jeusi tii, kama limekatwa kwa mkasi likatolewa kwenye picha. Hakusema neno. Akauliza tu: “Linaweza kurudi?” Linaweza, na pole pole lilirudi, kwa miezi mingi, na katikati aliacha dawa tena mara moja. Ndivyo walivyo.

SWALI: Bi Muuguzi, shikamoo. Nina miaka 19, niko Al Khuwair, Maskati, nina talasemia meja. Natumia deferiproni mara tatu kwa siku na pampu ya Desferal usiku, na kusema kweli pampu nimeichoka. Rafiki zangu wananiambia kuna tiba ya jeni inayomaliza ugonjwa kabisa. Ni kweli au ni ya mtandaoni tu? Kama ni kweli, kwa nini niendelee kujichoma? – Kijana wa Al Khuwair

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Ziko mbili zilizoidhinishwa. Zynteglo inaingiza jeni nzima ya beta kwenye seli zako za uboho. Marekani waliiruhusu Agosti 2022. Casgevy inafanya ujanja mwingine: inakata swichi iliyozima himoglobini yako ya utotoni, ile ya tumboni kwa mama, na himoglobini hiyo inarudi kufanya kazi. Uingereza iliiruhusu Novemba 2023 kwa wenye miaka 12 na zaidi, Bahrain ikafuata Desemba, Saudia Januari 2024. Katika utafiti wake uliochapishwa 2024, wagonjwa 32 kati ya 35 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila kutiwa damu.

Sasa upande wa pili. Seli zako zinavunwa, zinapelekwa maabara, zinarudishwa baada ya miezi. Kabla hazijarudishwa unapewa busalfani, dawa kali ya kuufagia uboho wa zamani. Nywele zinatoka, mdomo unajaa vidonda, unakaa hospitali wiki kadhaa. Dawa hiyo inaweza kukunyima watoto, kwa hiyo kijana huhifadhiwa mbegu kwanza. Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2 kwa Casgevy na 2.8 kwa Zynteglo. Na hili ndilo linalokuhusu leo usiku: watu wenye chuma kikali moyoni hawakukubaliwa kuingia kwenye majaribio hayo.

Kupandikizwa uboho wa ndugu ni habari hiyo hiyo. Oman wanafanya tangu miaka ya 1990, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana nawe. Profesa Guido Lucarelli na wenzake kule Pesaro, Italia, walikuwa wakiwapanga watoto kwa hatari kabla ya kuwapandikiza, na waliangalia mambo matatu: ini limevimba, ini lina makovu, na je, mtoto alikuwa akitumia dawa ya kutoa chuma ipasavyo. Yote matatu ni mambo ya chuma. Umri wako unaongeza hatari kuliko mtoto wa miaka mitano, lakini mlango haujafungwa. Ndugu zako wamepimwa?

Kuhusu pampu, sikulaumu. Najua sindano ya tumboni, zile nundu ngumu zinazobaki asubuhi, na kulala bila kugeuka. Badilisha mahali kila usiku, tumbo, paja, mkono; nundu nyingi zinatoka kwa kuchoma pale pale. Uliza kama una ruhusa ya kupumzika usiku mmoja au miwili kwa wiki: wengi wanatumia usiku tano, na usiku tano za kweli zinashinda saba za kwenye karatasi. Mkojo ukitoka mwekundu, tulia, ni chuma kinatoka.

Lakini homa usitulie. Deferiproni inaweza kuzifuta chembe nyeupe za damu ghafla. Koo likiuma au joto likipanda, acha vidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo ya usiku, useme: “Niko kwenye deferiproni, nipimeni chembe nyeupe.” Na homa yenye maumivu ya tumbo, simamisha na Desferal pia mpaka uonwe, kuna bakteria anayeneemeka kwa chuma kilichobebwa na dawa hiyo. Kama bandama yako ilishatolewa, haya yote yazidishe mara mbili.

SWALI: Mimi ni mama wa Kilifi. Mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu alipimwa damu, wakaniambia ana talasemia ya alfa, na damu yake ni ndogo kidogo. Nimesoma kwamba talasemia chuma ni sumu, nikamwachisha dawa ya chuma aliyopewa. Nimefanya sawa? Atahitaji kutiwa damu? – Mama Kilifi

JIBU: Dada, mrudishe mtoto kliniki wiki hii. Beta ya barua za juu na alfa ya mwanao ni magonjwa mawili yenye jina moja.

Jeni za alfa kila mtu anazo nne. Pwani yetu watu wengi wamepungukiwa moja au mbili na wanaishi miaka themanini bila kujua. Hapo hapo kwenu, watafiti wa hospitali ya Kilifi wamewachunguza watoto kwa maelfu: karibu nusu wamekosa jeni moja, na takriban mmoja kati ya sita amekosa mbili. Na watoto hao hupata malaria kama wenzao, ila ile malaria kali ya kulazwa inawapungukia. Mwanasayansi Haldane alikuwa amekisia jambo la namna hii mwaka 1949, na Kilifi ni moja ya sehemu lilipohesabiwa mtoto kwa mtoto. Mwanao ana chembe za damu ndogo ndogo, basi. Kutiwa damu kwa ajili ya hiyo alfa hatahitaji, maana umbo lake la hatari linataka kukosa jeni tatu au nne, na aina inayosababisha hayo ni ya Asia ya Kusini-Mashariki na Mediterania.

Ila alfa haimzuii mtoto kupungukiwa chuma. Umri wake, kama anakula uji mtupu na maziwa, au ana minyoo, au katoka kwenye malaria, anaweza kuwa na upungufu wa kweli juu ya hiyo alfa yake. Apimwe feritini. Ikiwa chini, dawa arudishiwe na aimalize. Sumu ya chuma inawahusu wanaotiwa damu kila mwezi.

SWALI: Nimechumbiwa na binamu yangu. Mimi nina chembe ya talasemia beta, yaani naibeba bila kuugua, yeye wamesema ana chembe ya selimundu. Watu wanasema magonjwa tofauti, hakuna shida. – Bi harusi mtarajiwa, Barka

JIBU: Shida ipo. Jeni hizo mbili zinakaa mahali pamoja, na mtoto akichukua yako na yake anapata selimundu-talasemia, ambayo inaweza kuwa kali kama selimundu yenyewe: maumivu, kulazwa, yote. Nafasi ni moja kati ya nne kwa kila mimba, na mimba ya kwanza ikisalimika haipunguzi hesabu ya pili. Oman jambo hili si la kubahatisha: uchunguzi wa taifa wa mwaka 1995 ulikuta watoto 6 kati ya 100 wanabeba selimundu na 2 kati ya 100 wanabeba talasemia beta, na ndoa za binamu ni nyingi. Sikuambii usiolewe. Nakwambia mkae wote wawili mbele ya mshauri wa jeni kabla ya kadi kuchapishwa, muulize kuhusu kupima mimba mapema, kwenye wiki ya 11 hivi, na kuhusu kupima kiinitete kabla hakijapandikizwa, na mjue mtaamua nini kwa imani yenu na mifuko yenu. Wazazi waingie mwishoni, mkishaelewana nyinyi.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 15, talasemia meja, anataka kufunga Ramadhani nzima na anakataa kuambiwa hapana. – Baba, Maskati

JIBU: Usimwambie hapana wala ndiyo kabla hajaonwa mwezi mmoja kabla, apimwe mafigo, sukari na himoglobini. Akiwa kwenye deferasiroksi, ni dozi moja kwa siku, inaweza kuhamia magharibi au daku, lakini anywe maji ya kutosha usiku, maana mafigo makavu na dawa hiyo havipatani. Desferal ni ya usiku tayari. Deferiproni ya mara tatu ndiyo ngumu kupanga, hiyo muachieni daktari. Kama chuma kimeshamletea kisukari, asifunge bila idhini. Siku ya kutiwa damu ale, na siku mbili tatu kabla yake, anapokuwa amechoka na himoglobini iko chini, ale pia na azilipe baadaye. Akibisha, aniandikie mwenyewe.